Nyumba za Walio Hai

Mwalimu aliyetufundisha kuongoza watalii alikuwa mtu wa kinyaa, na hakuwahi kujisumbua kukificha. Akiona mtu anakula huku anatembea, anageuza uso. Akiona gari la wageni limesimama katikati ya lami hapa Karatu ili wampige picha punda aliyebeba madumu ya maji, anatema mate pembeni, kisha anafuta mdomo kwa leso iliyopigwa pasi. Sisi wanafunzi wake tulimwigiza akitupa kisogo, tukikunja pua kama yeye, tukicheka mpaka mbavu ziume. Leo nina miaka mingi kazini, na pua yangu inajikunja yenyewe bila kuigiza.

Chuo chetu kilikuwa vyumba viwili na choo kimoja nyuma ya kituo cha mafuta. Walimu wengine walifundisha ndege, wanyama na mimea. Somo lake yeye liliitwa huduma kwa mgeni, lakini kwa kweli alitufundisha miji ya Ulaya. Alisema mtu ambaye hajawahi kuongozwa hawezi kuongoza, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kutupeleka Roma, alituongoza Karatu kama vile ni Roma.

Kila Jumamosi alitupanga mstari, akanyanyua mwavuli mweusi uliofungwa, jinsi wafanyavyo waongozaji wa kule ili kundi lisipotee, na tukamfuata mjini. Mbele ya mashine ya kusaga alisimama na kututangazia kwamba tumefika kanisa kuu, tuangalie juu, tusiangalie simu. Kwenye vibanda vya mitumba alituonya tushike mifuko. Siku ya mnada ilikuwa mateso, maana wachuuzi walitufuata wakipiga miluzi, na wachoma nyama wakauliza kama kuna msiba. Yeye hakugeuka. Mwavuli ule sikuwahi kuuona umefunguliwa. Mvua ya Karatu ilimlowesha mpaka kwenye soksi huku ameushika mkononi, na tulipomwuliza akajibu kwamba ni kifaa cha kazi.

Majina yetu hakuyatumia. Alituita kwa tulikotoka. Mimi nilikuwa Mbulumbulu, na mwenzangu Tluway, kijana mwepesi wa kucheka aliyetokea upande wa Ziwa Eyasi, alikuwa Baray. Tluway alimpenda kuliko sisi wote. Hatua za Mwalimu alizijua, sauti yake aliiweza, na namna ya kunyanyua mwavuli aliipata kabla yetu.

Ulaya Mwalimu alikuwa amefika kweli. Wageni wake wa zamani walimwalika, na mara nyingine kampuni zilimpeleka kwenye maonyesho ya utalii. Maonyesho yakiisha, wenzake walikwenda madukani kununua makoti, yeye akajiunga na makundi ya kutembezwa mjini, akafuata miavuli ya watu kutwa nzima. Kwa hiyo mtu yeyote wa hapa aliyepata safari ya huko alipita kwake kwanza. Walikuja wachungaji, walikuja masista, alikuja hata mkulima mmoja wa vitunguu aliyealikwa Uholanzi kuona mbegu.

Aliwapokea kwenye benchi nje ya uzio wake. Hilo nalitaja mapema kwa sababu lina maana baadaye: miaka yote ile hakuna mtu aliyepita geti lake. Chai ililetwa kwenye benchi, ushauri ulitolewa kwenye benchi, na mvua ikinyesha mlisimama chini ya paa la geti mkabanana. Watu walisema anaficha mke wa pili. Wengine walisema ni mchoyo. Mimi nilifikiri tu kwamba anachukizwa na viatu vyetu.

Nakumbuka siku alipokuja mchungaji aliyekuwa anakwenda Roma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hivyo viatu vipya ni vya safari?"

"Ndiyo, vya safari."

"Viache hapa hapa, nenda na vya zamani. Kule ni mawe matupu. Siku ya pili utatembea kwa magoti, na si kwa kusali."

Mchungaji alicheka. Mwalimu hakucheka. Akaendelea kumpangia mji wa watu kana kwamba anampangia shamba. Maji asinunue, kuna mabomba ya chuma barabarani yanatiririka mchana kutwa, ajaze chupa. Asile mahali ambapo kanisa kuu linaonekana, kwa maana ukikaa unapoona mnara unalipia na mnara. Arudi nyuma mitaa mitatu, atafute pale wazee wao wanapokula. Tiketi ya treni aigonge mhuri kabla hajapanda. Kijana akija kumfunga kikamba mkononi akimwita ndugu, mikono aitie mfukoni na aendelee kutembea.

"Na majumba ya makumbusho?" mchungaji akauliza.

"Chagua chumba kimoja ukae humo. Wanaopita vyumba vyote hawaoni kitu, wanapishana na milango tu."

Ushauri wake ulikuwa mzuri, waliorudi walisema hivyo. Lakini alivyoutoa ungedhani anakutuma jalalani. Venisi wakati wa joto inanuka, usiende Agosti. Paris utasimama saa nzima ili uone mchoro mdogo nyuma ya kioo, na utakachokiona ni visogo vya watu wenye simu. Praha wenyeji wamehama katikati ya mji wao, wamebaki wauza vinyago, na vinyago vyenyewe si vya kwao. Alikuwa amechukizwa na kila mji aliowahi kufika, na bado kila mwaka alifanya juu chini apate mwaliko mwingine. Jibini yao alisema inanuka soksi. Alirudi nayo kwenye begi, akaila peke yake kwenye lile benchi, na hakumkaribisha mtu.

Pia alikuwa mdaku, mtu huyu aliyeficha nyumba yake. Alisoma gazeti lako juu ya bega lako. Ukifungua kontena la chakula chuoni, anainama kuona ndani kuna nini, kisha anatoa maoni. Nilimchukia kwa hilo, na nasema wazi kwamba kuna siku nilitamani achelewe barabarani asifike darasani.

Lisbon ndiyo iliyombadilisha. Kisa chake alikisimulia kwa kila darasa, akiwa amesimama, mwavuli mkononi.

Mtu wa hapa anajua ziara ya boma la Wamaasai ilivyo. Wageni wanapokelewa kwa wimbo, wanaruka na vijana, wanaonyeshwa moto unavyopekechwa, wanapitishwa kwenye shanga, halafu mwisho kabisa wanagawanywa wawili wawili na kuingizwa ndani ya nyumba ya mtu. Kuingia ndani ndiyo utamu wa ziara. Mwongozaji anasema, "Karibuni ndani muone wanavyoishi," na kila mgeni anainama mlangoni ameshika kamera. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameyasema maneno hayo kwa miaka.

Basi kule Lisbon alikuwa kwenye kundi lililoongozwa na mama mmoja mwenye mwavuli wa njano. Walipanda vichochoro vyenye ngazi, nguo za watu zimeanikwa juu ya vichwa vyao, moshi wa samaki wa kuchoma ukitoka madirishani. Mama yule aliwaeleza habari za wafalme, za tetemeko, za vigae vya ukutani. Mwishoni akasimama kwenye kichochoro chembamba, akasema kwamba huko sasa ndiko wanakoishi watu wa kawaida.

Mwalimu akaelewa kwamba wakati umefika. Pembeni yake palikuwa na mlango ulio wazi, una pazia la nyuzi. Akavua kofia, akainama kama anavyoinama kwenye maboma ya Olbalbal, akaingia. Wageni wawili wa kundi lao, walipomwona anajiamini vile, wakamfuata na kamera zao.

Ndani kulikuwa na bibi kizee kwenye kiti, gauni limepandishwa magotini, miguu ndani ya beseni. Meno yake yalikuwa kwenye glasi mezani. Mwalimu lugha ya pale hakuijua, na ulimi wake, kwa mazoea ya mlango mfupi na giza la ghafla, ukatoa salamu anayowapa wanawake wa bomani.

"Takwenya."

Bibi akapiga yowe.

Hapo darasa zima tulikuwa tunaanguka kwa kicheko. Yeye alisubiri tumalize. Alisema hajawahi kusikia sauti ya namna ile ikitoka kwa binadamu. Kichochoro kizima kilijaa. Mwanamume mmoja alikuja na kikaango, mama wa mwavuli akaja analia na kuomba radhi, askari wakafika. Askari akamwuliza alikuwa anatafuta nini ndani ya nyumba ya watu.

"Nikamjibu nilitaka kuona wanavyoishi," alituambia. "Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu, mbele ya askari, huku yule bibi anajifunika miguu kwa taulo, nikashikwa na kichefuchefu. Nilitapika, nyie. Nilitapika kwenye ngazi za watu."

Kisha aliongeza maneno ambayo baadaye nimeyarudia mwenyewe kwa wageni wasiopenda kuyasikia. Kwamba katika miji yote aliyotembezwa ameingizwa makanisani, makaburini, vyumbani kwa wafalme, hata jikoni kwa malkia, na wote hao wamekufa. Hakuna aliyemwingiza kwa mtu anayepumua. "Kule wanaonyesha nyumba za waliokufa," alisema. "Sisi tunaonyesha za walio hai. Na koko wetu hapigi yowe, kwa hiyo tunadhani amekubali."

Koko ni bibi, kwa Kimaasai, na yeye alikuwa na koko mmoja maalumu akilini. Nilimwona mwenyewe kwenye safari ya mafunzo, katika boma moja kwenye tambarare ya Olbalbal, chini ya milima ya kreta, mahali ambapo wanawake wanatembea nusu siku kutafuta maji. Alikuwa amelala kwenye ngozi, macho yana ukungu, anakohoa. Tuliingizwa pamoja na wageni. Mwanamume mmoja mwenye kaptura akawasha taa ya simu na kumsogezea usoni, kisha akamwomba mwongozaji amwambie bibi ageuze kichwa kidogo, mwanga haujakaa vizuri. Nzi walikuwa kwenye macho ya yule koko. Wakampiga picha na nzi hao. Nilikuwa nimesimama pale na sare yangu mpya ya mafunzo na sikujua pa kuangalia. Mwalimu alimshika yule mwanamume mkono wa shati, akamtoa nje kama unavyomtoa mlevi kanisani.

Tangu siku hiyo alikataza. Mwanafunzi wake haingizi mgeni nyumbani kwa mtu. Lakini mambo hayakuwa mepesi vile, na aliyemwambia hivyo alikuwa mkwe wa yule koko, Nashipai, mama mwenye mtoto mgongoni.

"Mwalimu, ukikataza wageni kuingia, wataenda boma lingine," alimwambia mbele yetu.

"Mama mkwe wako anaumwa. Wanamulika macho yake."

"Najua anaumwa, mimi ndiye namlisha. Wewe unaona aibu. Sisi tunaona unga."

Mwalimu alizunguka boma mara kadhaa, mikono nyuma, mwavuli umening'inia. Halafu akaja na wazo, na lilitoka moja kwa moja kwenye majumba yake ya wafalme. Wajenge nyumba moja zaidi, ya fito na samadi kama zote, na kitanda cha ngozi, na mafiga, na vibuyu. Asilale mtu humo. Wageni waingie hiyo, wainame, wapige picha watakavyo, na koko aachwe apumzike. Nashipai alicheka, lakini wanawake waliijenga, na ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote pale.

Wageni hawakuitaka. Nililiingiza mimi mwenyewe kundi la kwanza.

"Nani analala hapa?" mama mmoja aliniuliza.

"Hakuna mtu. Ni ya kuonyesha."

"Kwa hiyo si ya kweli?"

Nikamwambia kwamba kwenye kasri za kwao pia hakuna anayelala. Aliniangalia kama nimemtukana. Walitoka wamenuna, na mmoja akaandika mtandaoni kwamba wametapeliwa, wameonyeshwa nyumba tupu. Hapo ndipo nilipoelewa walichokuwa wanakifuata. Ukuta wa samadi hawakuwa na haja nao. Walitaka moshi uwatoe machozi, walitaka mtu kitandani, walitaka kikohozi.

Kampuni zililalamika chuoni. Mkuu wa chuo, mtu wa tabasamu na mikutano, akaliondoa somo la Mwalimu kwenye ratiba, na somo lilipoondoka na Mwalimu akaondoka. Kwenye nyumba tupu wanawake wa boma wakaweka watoto wa mbuzi. Wageni wakarudishwa kwa koko.

Mwalimu aliendelea kupita Olbalbal kila alipopata gari la kumbeba. Alisimama nje ya ua wa miiba na kusema kwa sauti, "Takwenya," na kutoka gizani koko alimjibu, "Iko." Hakuingia kamwe. Mwaka mmoja alisalimia na hakujibiwa, akarudi Karatu na siku ile hata benchi lake hakulikalia.

Baadaye nilisikia amepata kiharusi. Nilikuwa nimetoka kuwashusha wageni hotelini, nikanunua ndizi na sabuni, nikaenda kumjulia hali. Mkwe wake, Mama Neema, alinifungulia geti lile. Nilisita kidogo kulipita.

"Pita tu, siku hizi hawezi kukataza," akasema, bila ubaya.

Kwa wenye hamu ya kujua, nyumba haikuwa na siri yoyote. Ilikuwa na kitanda, redio, kalenda ya kanisa, kopo la kukojolea chini ya kitanda, na mwavuli kwenye msumari. Yeye alikuwa kwenye kiti, upande wa kulia umelegea, na mdomo umeshuka ule upande aliozoea kuukunjia pua. Mama Neema alikuwa anamwosha miguu kwenye beseni. Nilimwamkia. Alinitazama viatu kwanza.

"Mbu… lu…" akasema, akachoka.

Nilimsimulia habari za barabarani, na jicho lake zima lilinifuata. Kisha nikasikia vishindo vingi uani, na Mama Neema akainuka akajifuta mikono.

"Aa, wamefika. Ni wanafunzi wake wa zamani. Walipiga simu jana, wanakuja kumwona mgonjwa."

Aliyetangulia mlangoni alikuwa mwavuli. Nyuma yake akaingia Tluway, amenenepa, shati lina nembo, na nyuma ya Tluway wageni wanane wenye kofia za jua. Nilikuwa nimesikia kwamba ameanzisha matembezi ya mji wa Karatu kwa miguu, soko, mashine ya kusaga, kilabu cha pombe. Sikujua kituo cha mwisho ni wapi. Alikuwa amemdanganya mama wa watu kwa kisingizio cha kumwona mgonjwa, kitu ambacho hakuna nyumba ya kwetu inayoweza kukifungia mlango.

Wageni walikuwa wamefundishwa njiani. Wakasema kwa pamoja, kwa furaha, "Shikamooo!"

"Huyu ndiye mzee aliyetembea Ulaya yote," Tluway akawaambia kwa lugha yao, mwavuli juu. "Amefundisha waongozaji wengi, na mimi nikiwemo. Karibuni ndani, muone anavyoishi."

Simu zikanyanyuliwa. Binti mmoja alichuchumaa ili apate picha ya miguu na beseni. Nilisimama, na matusi ya Kiiraqw ambayo mama yangu alinikataza yalikuwa tayari mdomoni, lakini Mwalimu alinitangulia.

Alipiga yowe. Sijui lilitoka wapi kwenye kifua kile. Lilikuwa refu, la juu, na alipoishiwa pumzi akavuta nyingine akapiga tena, jicho lake zima limewakodolea wageni. Binti wa beseni alianguka kwa makalio. Mwingine akaangusha simu majini.

Na kwetu yowe si la kusikiliza, ni la kukimbilia. Shamba la jirani watu walikuwa wanapalilia maharage. Walikuja mbio na majembe, mmoja na panga, wakajaa uani wakihema.

"Mwizi yuko wapi?" mama mmoja akauliza. "Yuko wapi?"

Mwalimu akanyanyua mkono wake mzima, polepole, akaunyoosha kwenye ule mwavuli. Watu wote wakamgeukia aliyeushika. Tluway aliushusha.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Ni Baray."

"Nje," Mwalimu akasema, na neno hilo lilitoka zima.

Walitoka. Mama Neema aliwafuata uani akiuliza ni mgonjwa gani waliyekuja kumwona na makamera, na majirani wakaanza kumsaidia kuuliza. Mwalimu alinitazama, kisha akautazama mlango, na sikuhitaji aseme. Niliufunga, nikashusha komeo. Maji yalikuwa bado ya vuguvugu. Nikaitoa ile simu kwenye beseni, nikaiweka dirishani, nikapiga magoti nikamalizia kumwosha miguu.